Faili la mama limo kwenye kompyuta ya hospitali, mbona hatupewi?

"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 67, ana sukari na presha, na kwa miaka tisa ametibiwa hospitali moja ya binafsi Mombasa. Sasa nimemchukua akae nami Nakuru, na daktari wa huku anataka historia yake. Niliposhuka kwenda kuiomba, dirishani niliambiwa faili ni mali ya hospitali, kila kitu kimo kwenye kompyuta na hakitoki, labda daktari aandike barua kwa daktari mwenzake. Karani wa pili akaniambia naweza kupewa ripoti nikilipa. Hospitali ina programu yake ya simu, nikamwandikisha mama, lakini ndani nimekuta vipimo vya Machi peke yake: kreatinini 98, imetiwa rangi nyekundu. Chini, kwenye maneno ya daktari, pameandikwa kwa Kiingereza 'poor compliance', yaani mama hafuati matibabu. Mama hakosi vidonge hata siku moja! Tangu hapo sipati usingizi. Figo zimeharibika na hatukuambiwa? Tuna haki ya kupewa rekodi zote? Na mambo ya mtu kukaa kwenye mitandao hivi, si hatari? Kakangu anasema niachane nayo, ya daktari nimwachie daktari."

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kukesha. Kabla ya yote ujue unasema na nani: mimi si daktari. Nimekuwa mtu wa rekodi za hospitali tangu enzi za makabati ya chuma na mafaili yaliyofungwa kwa kamba, nikahamia kwenye kompyuta, nazo zikaja na mambo yake. Naweza kukueleza namba ile imefikaje kwenye simu yako, na ikiwa peke yake inasema nini na haisemi nini. Ya dawa na tiba ni ya daktari wa mama. Nitaanza na lililokunyima usingizi, halafu turudi pale dirishani.

Ile rangi nyekundu haikutiwa na mtu. Mashine ya maabara ilisoma damu ya mama, ikatuma namba, na programu ikailinganisha na mstari uliowekwa kwa wanawake wote wazima. Namba ilipovuka mstari, ikawa nyekundu. Programu haikujali kama mwenye damu ana miaka 25 au 67, wala haikutazama mwaka jana alikuwa na ngapi. Na mistari yenyewe huchorwa hivi: wanapimwa watu wengi wenye afya, kisha ncha mbili zinakatwa, wanabaki 95 katika kila 100. Maana yake watu watano katika kila mia wana afya zao na bado wataandikiwa nyekundu. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote akipimwa vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari ni kama asilimia 64. Nimewaona vijana wa mpira wakija dirishani na karatasi mkononi, nyuso zimewashuka, kwa sababu ya nyekundu moja isiyokuwa na kichwa wala miguu.

Lakini sitakutuliza kwa uongo. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa. Ikipanda kwenye damu, huenda figo zinachuja polepole. Kwa mwanamke wa miaka 67, namba 98 ukiipitisha kwenye fomula inayotumika siku hizi, ile ya mwaka 2021, inatoa uchujaji wa figo wa kama mililita 55 kwa dakika. Madaktari huanza kukunja uso ikishuka chini ya 60. Ila ugonjwa wa figo wa kudumu hautangazwi kwa kipimo kimoja. Lazima hali hiyo idumu miezi mitatu au zaidi, na mkojo pia hupimwa kuona kama unavujisha protini. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba yawezekana figo zimeanza kuchoka, na kwa mtu wa sukari na presha hilo halishangazi. Yawezekana pia hakuna jipya. Namba ile moja haina uwezo wa kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kinachoweza kusema ni namba zilizotangulia. Kama mwaka juzi alikuwa na 95 na mwaka jana 97, huyo ni mtu anayekwenda mwendo wake uleule. Kama mwaka jana alikuwa na 65, hapo pana jambo, na daktari wa Nakuru hana budi kulijua wiki hii. Umeona sasa kwa nini nataka upate miaka tisa yote? Wewe unaliwazia faili kama ushahidi wa kilichofichwa. Mimi naona thamani yake iko kwenye mfuatano, na mfuatano huo ukikatika pale Mariakani mama akielekea bara, daktari mpya anaanza na mgonjwa wa jana.

Kuna maswali madogo ya kumpelekea daktari pamoja na hiyo namba. Machi tulikuwa Ramadhani. Kama mama alikuwa amefunga na akatolewa damu alasiri, koo limekauka, hilo peke yake laweza kuipandisha kreatinini kidogo. Je, alikuwa akimeza dawa za maumivu za dukani, diclofenac au ibuprofen, kwa ajili ya magoti? Hizo ni adui wa figo, na wazee wetu huzimeza kama njugu kwa kuwa hawazihesabu kuwa ni dawa. Je, alikuwa ndiyo kwanza ameanzishiwa losartan au enalapril? Dawa hizo za presha huweza kuinua namba kidogo mwanzoni, na daktari hulitarajia. Msimsimamishie mama dawa yoyote kwa sababu ya rangi ya kwenye simu.

Na jihadhari na vipimio. Maabara moja itaandika kreatinini 106, nyingine 1.2, na zote mbili zimesema kitu kilekile, kwa sababu moja inahesabu kwa mikromoli kwa lita na nyingine kwa miligramu kwa desilita. Tofauti yake ni kuzidisha kwa 88.4. Sukari ni hivyohivyo: 7 ya huku ni 126 ya kule, unazidisha kwa 18. Familia moja niliyoijua iliaga mgonjwa kwa kilio ikidhani sukari yake imeruka kutoka 7 hadi 130 katika siku mbili. Alikuwa amepimwa kwenye maabara mbili.

Sasa hayo maneno ya daktari. Nakuelewa ulivyochomwa. Mama hakosi vidonge hata siku moja, kisha mtu anaandika hafuati matibabu. Lakini elewa daftari la daktari ni la namna gani. Anaandika kwa ufupi mno, mara nyingi foleni imefika mlangoni, na anamwandikia daktari mwenzake au yeye mwenyewe wa mwezi ujao. Ukikuta "NAD" maana yake hakuona kasoro. Ukikuta alama ya kuuliza mbele ya ugonjwa, anashuku tu, hajathibitisha. Lile la mama laweza kuwa lilihusu chakula na mazoezi, si vidonge. Laweza kuwa liliandikwa siku aliyokosa miadi. Na kuna ugonjwa wa kompyuta zenyewe: daktari huvuta maandishi ya safari iliyopita, akabadilisha mistari miwili, akaihifadhi upya. Sentensi iliyokuwa kweli mwaka 2019 inaendelea kusafiri kila miezi mitatu kama abiria aliyepitiwa na usingizi akapita stendi yake.

Kama si kweli, isahihishwe. Hapa wengi hudhani kusahihisha ni kufuta. Rekodi ya tiba haifutwi kirahisi, kwa sababu inaweza kuhitajika mahakamani na kwa sababu dawa zilizotolewa siku ile zilitolewa kwa msingi wa yale maneno. Kinachofanyika ni kuongeza maelezo yenye tarehe na jina la aliyeandika: mgonjwa anaeleza kwamba humeza dawa zake kila siku, ameonyesha pakiti. Yote mawili yanabaki, na atakayesoma ataona lipi lilikuja baada ya lipi. Chini ya kanuni za Kenya za ulinzi wa data za 2021, ombi la namna hiyo linapaswa kushughulikiwa ndani ya siku 14.

Haya, twende dirishani.

Karani aliyekuambia faili ni mali ya hospitali hakudanganya, alikata maneno katikati. Chukua daftari la deni la duka la mtaa. Daftari ni la mwenye duka, kalinunua kwa pesa yake, na huwezi kuondoka nalo. Lakini ukurasa wenye jina lako una mambo yako, na ukisema "nionyeshe nimechukua nini mwezi huu" hana ruhusa ya kulifunika kwa kiganja. Anachotakiwa kufunika ni kurasa za jirani. Karatasi, seva na kompyuta ni za hospitali, na sheria inawataka wazitunze. Habari zilizomo kuhusu mama ni habari za mama.

Hilo si maoni yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na yeyote, hospitali ikiwemo, na haki ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Kanuni za 2021 zikaweka muda: ombi la kuona taarifa lijibiwe ndani ya siku saba, bila malipo. Kabla ya hapo Sheria ya Afya ya 2017 ilikwisha kusema mgonjwa aelezwe hali yake, na ikiwezekana kwa lugha anayoielewa. Kuna mwanya mmoja: mhudumu anaweza kuzuia iwapo ana ushahidi mzito kwamba kumwambia mgonjwa kutamdhuru. Mwanya huo upo kwa hali nadra, na karani wa dirishani hana mamlaka ya kuupima.

Na hili la "kimo kwenye kompyuta, hakitoki" huwa linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kompyuta zililetwa ili habari zitoke kwa urahisi. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilikuwa kinaweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na kutokana na kazi ya pale na Eldoret ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Tulikuwa miongoni mwa waliotangulia. Ukiambiwa haiwezekani kuchapisha, jua kinachokosekana ni mtu aliyepewa ruhusa ya kubonyeza.

Lakini kuna jambo walilokuwa na haki nalo, na sijui kama walikuambia: wewe si mgonjwa. Mama ni mtu mzima mwenye akili zake. Sheria inaruhusu mtu mwingine amwombee, mradi mwenyewe amemruhusu rasmi. Wangekukabidhi faili lake kwa kuwa tu unafanana naye sura, ningewalaumu. Barua yake yenye sahihi au alama ya dole gumba, nakala ya kitambulisho chake na chako, imetosha. Na kabla hajatia dole, muulize kwa upole, mkiwa wawili: je, kuna chochote humo ambacho angependa kibaki kwake? Miaka tisa ni mingi. Mtu anaweza kuwa alipimwa jambo, alilia kwa nesi siku moja kuhusu mambo ya nyumbani, aliharibikiwa mimba zamani na hakumwambia mtoto yeyote. Akisema anataka baadhi tu, basi ombeni baadhi.

Kuhusu malipo, tofautisha vitu viwili. Nakala ya kilichokwisha kuandikwa ni haki yake, na kwa kanuni nilizotaja haitozwi. Ripoti ya kitabibu ni kazi mpya: daktari anakaa, anapitia faili zima, anaandika kurasa mbili na kuzitia sahihi. Hospitali nyingi hutoza kwa hiyo, na sioni ubaya ikiwa bei inajulikana na kuna risiti. Huenda karani wa pili alimaanisha hiyo.

Ukiniuliza uchukue ipi, nitakwambia usiidharau ripoti. Faili zima la miaka tisa laweza kufika kurasa mia kadhaa, nusu yake stakabadhi na fomu za bima, na hakuna daktari atakayelisoma lote ukimwekea mezani. Kinachomfaa yule wa Nakuru ni orodha ya dawa za sasa na dozi zake, magonjwa yaliyothibitishwa na tarehe, mzio, upasuaji kama upo, muhtasari wa kila kulazwa, halafu majibu yote ya maabara ya miaka tisa yakiwa yamepangwa kwa tarehe, hasa kreatinini, mkojo na ile HbA1c, wastani wa sukari wa miezi mitatu. Ningekuwa wewe ningeomba ripoti fupi pamoja na mfululizo wa vipimo, na faili lililobaki ningelidai tu kama kuna mzozo. Barua ya daktari kwa daktari nayo ni nzuri, lakini nimeona nyingi mno zikifia kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Mama awe na nakala yake mkononi.

Usishangae kwenye simu kukuta Machi tu. Hospitali hununua mfumo mpya, ikauunganisha na maabara siku fulani, na chochote cha kabla ya siku hiyo kinabaki kwenye mfumo wa zamani, au kwenye makaratasi stoo. Ndani ya hospitali moja maabara inaweza kuwa na mfumo wake, eksirei wake, famasi wake. Kwa hiyo ukiandika "naomba rekodi za mama" utapewa kilicho kwenye skrini iliyofunguka. Andika miaka, andika kila idara, andika "za karatasi na za kompyuta". Na usitarajie kwamba kumsajili mama SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, kumezihamisha. Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa sahihi Oktoba 2023, inataka mifumo ya hospitali izungumze, ila kwa mgonjwa wako wa leo beba karatasi.

Sasa kakako. Anasema ya daktari mwachie daktari, na nusu ya hoja yake naikubali, kwamba tafsiri ni ya daktari. Nusu ya pili nimeilipia kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ile tunahamisha mafaili kwenye kompyuta, katika hospitali nisiyoitaja, mimi ndiye niliyeunganisha mafaili ya kina mama wawili. Majina matatu sawasawa, mwaka wa kuzaliwa mmoja, na wote wawili tarehe ya kuzaliwa ni Januari mosi. Pwani unajua mambo hayo: wazee hawakuandikiwa tarehe, kwa hiyo nusu ya mji imezaliwa mwaka mpya. Mfumo uliniuliza kama ni mtu mmoja, nikabonyeza ndiyo. Mmoja wao alikuwa na mzio wa penisilini. Miezi kadhaa baadaye yule mwingine alikaa mbele ya daktari ambaye skrini yake ilikuwa imegeuka upande, akachungulia akasema, "Daktari, mimi sijawahi kupasuliwa tumbo." Madaktari wanne walikuwa wameshalisoma faili lile. Aliyegundua ni mwenye tumbo.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwauliza wagonjwa zaidi ya 22,000 waliosoma maandishi ya madaktari wao. Mmoja kati ya watano alisema ameona kosa, na kati ya hao, wapatao wanne katika kumi waliona ni kosa zito. Ni Marekani, ndiyo, na ni wagonjwa wanaosema, lakini mimi nimekaa stoo ya rekodi na sikushangaa. Miaka kadhaa kabla yake, hospitali za Boston, Pennsylvania na Seattle zilikuwa zimejaribu kuwafungulia wagonjwa maandishi hayo kwa mwaka mzima. Madaktari walihofia simu zitalia usiku kucha na wagonjwa watachanganyikiwa. Matokeo yalipotoka mwaka 2012, waliosema wamechanganyikiwa, wameudhika au wameingiwa na hofu walikuwa kati ya asilimia 1 na 8, na jaribio lilipokwisha hakuna daktari hata mmoja aliyeomba kufungiwa.

Hofu hiyo ndogo hata hivyo ndiyo iliyokupata wewe, kwa hiyo siipuuzi. Majibu ya kreatinini unaweza kuyaona jikoni ukanusurika. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa titini, au ya Ukimwi, sipendi mtu ayakute peke yake saa tano usiku. Fanyeni hivi: siku ya kutoa damu, kabla hamjaondoka, muulizeni daktari majibu yatatoka lini, yanaweza kusema nini baya kabisa, na yakitoka mmpigie nani. Halafu mama mwenyewe aamue kama mtafungua simu au mtasubiri miadi. Kuamua siku ile, kabla hofu haijaingia, ni rahisi zaidi.

Uliuliza kuhusu hatari. Ipo. Huko Finland rekodi za kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wakaandikiwa mmoja mmoja wakidaiwa pesa wasije wakaanikwa. Hakuna mfumo usiovunjika. Lakini linganisha na lile faili la karatasi lililokuwa likilala kwenye benchi la korido. Kila mpita njia angeweza kulifunua na asingejulikana. Mfumo mzuri wa kompyuta huandika nani amefungua rekodi, lini, akitumia jina gani, na kule Estonia mwananchi huingia mwenyewe akaona orodha hiyo. Hospitali ya mama nayo unaweza kuiuliza nani amelifungua faili lake.

Ila kwa niliyoyaona mimi, siri nyingi hazivujishwi na wezi wa Ulaya. Binti anachapisha majibu kwenye saiba, analipa, anaondoka, na faili limebaki kwenye kompyuta likimsubiri mteja ajaye. Mjomba anapiga picha karatasi anairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, "tumuombee dua mama", na kabla ya adhuhuri shangazi wa Muscat ameshapiga simu kuuliza kuhusu figo. Nenosiri la programu liko kwenye simu ya mjukuu kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo hayo. Wekeni nenosiri analolijua mama na mtu mmoja tu aliyemchagua. Mkichapisha saiba, futeni na mtoke kwenye barua pepe kabla ya kuinuka. Na mtu akipiga simu akijifanya wa hospitali au wa SHA, akataka namba ya siri iliyoingia kwenye simu, mkate simu.

Kabla ya makaratasi yote, mpeleke mama kwa daktari wa Nakuru wiki hii na hiyo namba, hata bila faili, arudiwe kreatinini na apimwe mkojo. Usisubiri miadi wala barua yoyote ukimwona amevimba miguu au uso, mkojo umepungua, anatapika, anapumua kwa shida, au maneno yake yanapotea. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Kama anatumia metformin, dawa ya sukari, mwambieni daktari, kwa maana dozi yake huangaliwa upya figo zikishuka zaidi.

Barua iwe fupi: jina kamili la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya faili, miaka mnayoitaka, idara moja moja, kwamba anaomba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na jina lako kama aliyemruhusu kuchukua. Mwandikieni afisa wa ulinzi wa data wa hospitali au msimamizi mkuu, msiliachie dirisha. Pelekeni nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe mbaki nayo. Siku saba zikipita kimya, kumbusheni mara moja kwa maandishi. Wakiendelea kuwapiga danadana, lalamikeni kwa Ofisi ya Kamishna wa Data; hailipishwi, na sheria inawapa siku 90 kulimaliza lalamiko. Mkija kugundua kwamba kweli figo zilikuwa zikishuka mwaka hadi mwaka na hakuna aliyesema neno, hilo si la kamishna wala langu. Hapo mnahitaji wakili, au baraza la madaktari, na mfike kwao na ule mfululizo wa vipimo mkononi.

Mama akiweza, ashuke nawe Mombasa, asubuhi ya Jumanne au Jumatano, Jumatatu foleni hufika barabarani. Akifika mbele ya karani, aombe skrini igeuzwe kidogo aone mambo matatu: jina, mwaka wa kuzaliwa, na mahali pa mzio. Na kama tarehe yake ni Januari mosi, akague mara mbili.